Juzuu ya Saba

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi:
mkono mmoja umefungwa kwenye mashine,
damu inatoka, inafuliwa, inarudi,
na mkono wa pili uko huru kufunua kurasa.
Wodi ya figo, ghorofa ya tatu, mjini Łódź.
Nje, tramu na theluji iliyokwisha kuchafuka.
Ndani, vitanda sita na kigari cha chai
ambacho Wiesława aliwapokonya wauguzi
akakijaza majoka, wachawi na falme zisizo kwenye atlasi.
Sharti lake moja: ukisoma, sema.
Anayesoma akanyamaza amekula peke yake.

Bogumił, aliyeendesha tramu miaka thelathini na mmoja,
hataki joka linaloongea.
"Joka likishapata ulimi limekuwa mbunge."
Yeye ni mtu wa ramani na hesabu:
"Askari elfu kumi wamevuka jangwa kwa siku tisa.
Maji yao kabeba nani?"
Na sisi, tunaopimiwa maji ya kutwa kwa kikombe,
tukamwonea mwandishi hasira ya kweli.

Halszka, miaka kumi na tisa, anataka uchawi wenye deni.
"Ukiwasha moto kwa neno tu, bila kupoteza kitu,
hayo ni mazingaombwe ya sherehe ya mtoto.
Nipe ule ambao kila moto
unakufuta jina la mtu mmoja uliyempenda."
Huandika pambizoni kwa penseli:
mwongo huyu. Na mbele kidogo: nimelia, msiniulize.
Nyota mbili. Nyota tatu. Mara moja, nne na nusu;
nusu ya tano aliizuia kwa sababu ya farasi
aliyefungwa langoni sura ya sita
na mwandishi akasahau kumfungua.

Mwalimu Seweryn wa kemia alikuja na pua juu:
hekaya za watoto, alisema, mimi husoma mambo ya kweli.
Akapewa kile cha mji unaotoza kodi vivuli.
Alhamisi hakusema neno.
Jumamosi, kabla hata ya sindano:
"Cha pili kiko wapi?"
Tulimpigia makofi, kila mtu kwa mkono wake mmoja, pajani.

Mimi nilipofika, Februari, niliomba kifupi.
Kimoja, chenye mwisho wake ndani.
Sikusema kwa nini, na mle hakuna aliyehitaji kuambiwa.
Halszka alisema vifupi vimekwisha.
Nilikuwa naviona, rafu ya chini, vinane au tisa.
Akanitua tofali tumboni,
juzuu ya kwanza kati ya kumi na moja.
"Kurasa mia za mwanzo ni mbovu, vumilia.
Ukifika ya nne utanishukuru."
Nilifika ya nne mwezi wa Mei. Sikumshukuru.
Nilimgombeza kwa kifo cha yule mama muuza mishumaa
kana kwamba yeye ndiye aliyeshika kisu.

Kisha usiku mmoja wa Juni simu yake ikalia:
figo imepatikana, njoo sasa hivi.
Akaondoka na mswaki, soksi,
na juzuu ya saba.

Tulifurahi, Mungu ni shahidi.
Wiesława alilia hadi mashine yake ikapiga kelele.
Lakini ilipofika Jumamosi Bogumił aligutuka:
"Figo ni lake, hewala. Kitabu ni chetu!"

Basi tunaibuni wenyewe hiyo ya saba.
Seweryn anasema malkia atasaliti,
hana budi, ni kama asidi juu ya chokaa.
Wiesława anamtaka muuza mishumaa afufuke,
na hataki kusikia habari ya kanuni.
Bogumił anatazama reli chini ya dirisha,
anakiri kwamba huenda, mara hii tu,
joka likafungua kinywa.
"Liseme nini?"
Anafikiri. Mashine zinazunguka.
Mimi bado niko ya sita, kurasa arobaini za mwisho,
nazilamba mbili mbili
kama chumvi tuliyokatazwa.